Kusuka ukili kwa Jumamosi tatu: mwongozo wa darasa dogo la ukindu

Ukiutazama mkeka wa mwanafunzi utaona matundu, kingo zilizopasuka, ukili (ule mkanda wa majani yaliyosukwa, unaoshonwa na mingine kuwa mkeka) uliopinda kama ndizi. Nyingi ya kasoro hizo zilianzia kwenye kuchana majani, kabla hata ya kusuka. Ndiyo maana hatuyapendi sana mafunzo ya siku moja ambayo mtu hukabidhiwa chane, yaani vipande vyembamba vya jani, zilizokwisha kuandaliwa, akasuka kidogo, na jioni akaondoka na kipepeo cha kujipepea mkononi. Kesho yake akipewa kuti zima hajui pa kuanzia.

Mwongozo huu ni wa fundi mmoja na wanafunzi wasiozidi sita. Zaidi ya hapo fundi hawezi kuona mikono yote, na kosa la ukili lisipoonwa ndani ya shibiri ya kwanza hulazimu kufumua kazi ya saa nzima. Tumeupanga kwa Jumamosi tatu, si siku tatu mfululizo, kwa sababu kati ya somo na somo kuna kazi ya nyumbani ambayo ndiyo inayofundisha vidole. Kazi ya mwisho ni kitandiko cha meza cha sentimita 30 hivi kwa 45. Ni kidogo, lakini kina kila hatua iliyomo kwenye mkeka wa kulalia.

Majani

Pwani kuna mimea miwili inayosukwa zaidi. Mkindu hutoa ukindu, jani laini na jembamba, la mikeka ya kulalia, misala ya kuswalia na makawa ya kufunikia chakula. Mkoma, ambao kwingine huitwa mlala, hutoa miyaa, ambayo ni pana, ngumu na ya kudumu, na kazi yake ni majamvi na vikapu vya mizigo. Anayejifunza aanze na ukindu. Miyaa huwaumiza vidole wasiozoea, na husamehe makosa machache. Mkindu hauko pwani tu: huota kandokando ya mito na kwenye mabonde yenye maji hadi bara, na mikeka ya Buganda husukwa kwa mti huohuo.

Linalotakiwa ni kuti changa ambalo bado limefumba, lile lililosimama katikati kama mkuki. Kuti lililokwisha kufunguka na kukaa juani ni gumu na halitoi weupe mzuri. Likate kwenye kikonyo chake, wala usichimbe ndani kutafuta urefu zaidi. Kila shina la mkindu lina moyo mmoja tu wa kuotea, na ukiujeruhi shina lote hufa. Mkindu huota kwa vichaka, kwa hiyo chukua kuti moja kwa shina, ruka mashina mawili matatu, kisha chukua jingine. Majani ya chini kabisa ya kuti yamegeuka miiba mirefu, na hiyo ndiyo huwatoa damu wageni. Ipunguze kwa panga kabla ya kubeba mzigo begani.

Fungua majani, yatandaze juani mpaka kijani kiishe na yawe na rangi ya maziwa yaliyokaa. Kwa jua kali ni siku tatu hadi tano. Kila jioni yaingizwe ndani. Umande wa usiku mmoja unatosha kuleta madoa meusi ya ukungu, na madoa hayo hayatoki kwa sabuni wala kwa jua. Ukinunua ukindu sokoni kwa fungu, fungua katikati ya fungu uangalie hayo hayo, maana juu huwekwa mazuri. Kisha nusa: ukindu mzima hunuka majani makavu, na ulioanza kuoza hunuka kama nguo iliyokunjwa ingali mbichi.

Vya kuandaa kwa kila mwanafunzi

Makuti mawili makubwa yaliyokauka, na la tatu la akiba. Kisu kidogo chenye makali. Shazia, au sindano yoyote butu ya kushonea magunia. Beseni la maji na kitambaa cha pamba cha kufunikia chane. Rula. Uzi mnene wa pamba. Vipande saba vya karatasi ya manila vyenye upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 40, vinne vya rangi moja na vitatu vya rangi nyingine. Usione karatasi hizi kama mchezo wa watoto, kwani ndizo zinazookoa ukindu.

Fundi atengeneze pia kibao cha kupimia: kipande cha ubao laini kilichopigiliwa sindano mbili zilizosimama, umbali wa milimita 5 kati yake. Msukaji mzoefu huchana kwa ukucha na macho, lakini mwanafunzi asiye na kibao hiki atatoa chane za milimita 3 na za milimita 7 kwenye jani lilelile, kisha atashangaa kwa nini ukili wake hauchukui mstari.

Jumamosi ya kwanza: kuchana

Asubuhi yote ni ya kuchana. Loweka majani kwa dakika kumi, yatoe, yafunike kwa kitambaa chenye unyevu. Chukua jani moja. Lina uti mgumu katikati, na nusu mbili zimekunjwa kando yake. Ingiza ncha ya kisu kwenye kitako cha jani, upande mmoja wa uti, kisha weka kisu chini na uvute nusu hiyo kwa mkono. Ukivuta polepole na sawasawa, jani hufuata nyuzi zake na hupasuka kwa mstari ulionyooka. Ukilazimisha kwa kisu mpaka mwisho, kisu hukata nyuzi na chane hutoka na makovu. Fanya hivyo upande wa pili, uti utupe.

Sasa vuta kila nusu kwenye kibao, kutoka kitako kwenda ncha. Sindano mbili zitaacha chane ya milimita 5 katikati. Pembe nyembamba za jani zinazobaki pembeni ni za kutupa. Tegemea chane mbili kwa kila jani, mara mojamoja tatu. Pitisha kila chane kati ya kidole gumba na cha shahada: ukihisi uzi mgumu kama unywele mnene upande mmoja, ni mabaki ya uti. Uondoe sasa hivi. Huo ndio utakaopasua ukingo wa ukili siku ya tatu.

Kuna hesabu hapa ambayo fundi afadhali aiseme wazi. Kila chane kwenye ukili hukimbia kwa mshazari, hivyo mita moja ya ukili hula karibu mita 1.4 ya kila chane. Ukili wa chane 13 hula basi zaidi ya mita 18 kwa kila mita. Chane ya sentimita 25 ikiungwa hupoteza kama sentimita 5, kwa hiyo zinahitajika karibu chane 92 kwa mita moja. Kitandiko kinadai mita 4 za ukili, yaani chane zisizopungua 370. Andaa 450. Kwa kipimo hichohicho, mkeka wa mita 1 kwa 2 unataka karibu chane 4,800. Mwenye kulalamikia bei ya mkeka sokoni na akae chini achane mia mbili tu.

Mchana weka ukindu kando, toa karatasi. Vipande saba vifungwe pamoja upande mmoja, vinne vya rangi moja mkono wa kushoto, vitatu vya rangi ya pili mkono wa kulia. Kanuni ni moja: upande wenye nne ndio unaocheza. Chukua kipande cha nje kabisa upande huo, kikunje kuelekea ndani, kipite juu ya jirani, chini ya anayefuata, juu ya wa tatu, kisha kiache kijiunge na upande wa pili. Sasa upande wa pili una nne, na zamu ni yake. Juu, chini, juu. Rudia mpaka karatasi ziishe.

Kunja kwa kugeuza, kama unavyokunja pembe ya ukurasa. Kosa la kila mtu ni kupindisha kipande kikiwa bapa, kama barabara inayokata kona, nacho hujikunyata na kuacha nundu. Ukimaliza pima upana: karatasi saba za sentimita 1 zilizokazwa vizuri hutoa ukili wa sentimita 5 hivi. Ukipata 6, umelegeza.

Mahali pa kukaa nako kuna maana. Mwanafunzi akae ubavuni mwa fundi, bega kwa bega, wote wamenyoosha miguu juu ya jamvi na migongo ukutani. Akikaa mbele yake anauona mkono wa kushoto kama wa kulia, na atasuka kinyumenyume bila kujua. Anayetumia mkono wa kushoto pekee ndiye anayefaa kukaa mbele, kwa sababu hiyohiyo.

Kazi ya nyumbani: chane zote 450, na karatasi mpaka kanuni iingie bila kuhesabu kwa sauti.

Jumamosi ya pili: chane 13

Mikeka husukwa kwa mbili juu, mbili chini. Mtindo huo hulala bapa na hukazika kuliko moja juu, moja chini. Lakini idadi ya chane haichaguliwi ovyo. Kwa 9, 13 au 17, mbili-mbili hufuatana bila kukatika kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa 11, hesabu hukatika katikati na mstari hujitokeza kwenye uti wa ukili. Wapo wanaoupenda mstari huo kama pambo, ila kwa mwanafunzi huwa ni chanzo cha kuchanganyikiwa. Tumia 13.

Upana wa ukili unaweza kuujua kabla hujaanza: zidisha idadi ya chane kwa upana wa chane moja, kisha kwa 0.7. Chane 13 za milimita 5 hutoa karibu sentimita 4.5.

Panga chane 13 sambamba, vitako vyote upande mmoja, uzifunge kwenye kijiti kwa uzi. Kabla ya hapo zipunguze urefu kwa makusudi: nne ziache nzima, tano zipunguze kwa theluthi, nne kwa nusu, na zichanganye. Zikianza zote na urefu mmoja zitaisha zote mahali pamoja, na utalazimika kuunga kumi na tatu kwa mpigo. Hapo ukili hukatika hata kwa mvuto mdogo.

Sasa tazama jani lenyewe dhidi ya mwanga. Upande mmoja unang'aa, wa pili umefifia. Kila chane inapokunjwa ukingoni hugeuka, kwa hiyo zinazokwenda kulia huonyesha uso mmoja na zinazokwenda kushoto uso mwingine. Gawa saba kushoto, sita kulia. Saba za kushoto ziwe zimetazama juu kwa upande unaong'aa, sita za kulia kwa upande uliofifia. Ukizingatia hilo mwanzoni, na kwa kila chane mpya, ukili utakuwa na mng'ao wa mistari iliyotulia. Usipozingatia utatoka na viraka, na fundi yeyote atakayeupokea atauinamisha kidogo juani na kuona.

Bana kijiti chini ya kidole gumba cha mguu. Upande wenye saba unacheza: chane ya nje ikunjwe ndani, ipite juu ya mbili, chini ya mbili, juu ya mbili, ijiunge na upande wa pili. Kisha upande wa pili, vilevile. Baada ya kila zamu mbili, sukuma kwa ukucha wa kidole gumba ili chane mpya iguse iliyotangulia, halafu vuta kila moja kufuata njia yake yenyewe, kwa mshazari. Kuvuta kuelekea kando hupanua ukili upande huo.

Kila shibiri moja simama uhesabu. Lazima uone 7 na 6. Ukiona 6 na 6, chane moja imekatika au mbili zimelaliana na kusukwa kama moja. Fumua mpaka ulipo ukosefu, kwa kurudisha kwanza ile iliyosukwa mwisho. Kuongeza chane mahali ulipo ili hesabu itimie hakusaidii kitu. Ukili utakuwa na shingo, mwembamba kisha mpana, na kwenye kushona shingo hiyo haifichiki.

Kuunga: chane ikibakiwa na sentimita 5, laza mpya juu yake, kitako kwanza, uzisuke zote mbili pamoja kwa mapito matatu au manne. Kitako ni kipana na ncha ya zamani imeshakuwa nyembamba, hivyo upana haubadiliki sana. Mkia wa zamani uutoe nyuma. Usiunge chane mbili zilizo jirani kwa wakati mmoja, wala usiunge kwenye ukingo. Mikia isikatwe sasa. Ukili ukikauka hunywea kidogo, na mkia uliokatwa mapema huchomoka.

Unyevu ndio unaowasumbua wengi siku hii. Chane kavu hulia zinapokunjwa na hupasuka ukingoni. Zilizolowa chepechepe hukunjika kwa raha, ukili huonekana umekazwa sana, kisha ukikauka usiku kucha asubuhi una matundu ya kupitisha mwanga. Zinatakiwa ziwe kama jani la mgomba lililonyauka: zipinde, zisitoe maji. Toa chane ishirini kwa mara moja kutoka kwenye kitambaa, zilizobaki zifunike.

Na ukili kupinda kama ndizi? Mkono mmoja unakaza kuliko mwingine. Kwa wengi ni mkono wanaoandikia. Dawa yake ni kuzidisha mvuto kwenye upande ulio mrefu, ule wa nje ya mpindo, kwa shibiri nzima, si kulegeza ule mfupi. Ukipinda huku umehakikisha mvuto uko sawa, pima chane zako. Huenda upana wake haulingani.

Siku ya kwanza ya ukili wa 13, mita moja ni kazi nzuri. Mita tatu na kidogo zilizobaki ni za nyumbani. Sehemu ya mwanzo, kama sentimita 5, huwa haina umbo, itakatwa.

Rangi, kwa anayetaka

Mara ya kwanza tunashauri nyeupe tupu, maana rangi huficha makosa. Anayetaka lazima atie kabla ya kuchana vyembamba, kwa sababu chane nyembamba hujisokota ndani ya sufuria. Rangi za unga zinazouzwa kwa ajili ya ukindu huchemshwa kwa maji na chumvi konzi moja, majani yazame yote, kwa nusu saa hivi. Jaribu kwanza na majani matatu, kwa kuwa nguvu ya unga hutofautiana. Suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini. Kisha sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa: kikichukua rangi, rudia kusuuza, la sivyo siku mkeka utakapomwagikiwa maji wekundu utatambaa kwenye nyeupe. Manjano ya jikoni hutoa rangi ya kupendeza ila jua huila upesi. Mizizi ya mdaa ndiyo iliyokuwa ikitumika kwa weusi kabla ya unga wa dukani. Sufuria ya rangi isirudi kupikia.

Jumamosi ya tatu: kushona

Ukili uwe umekauka siku mbili. Kata vipande vinane vya sentimita 50, na kabla ya kila kukata funga uzi pande zote mbili za mahali pa kisu, vinginevyo utafumuka mikononi. Mikia yote itazame chini.

Laza vipande viwili kando kwa kando. Ukitazama ukingo utaona mikunjo, mmoja kila milimita 7, kama 70 kwa kila upande. Pandisha ukingo mmoja juu ya mwingine kwa upana wa mkunjo mmoja. Shazia ipite ndani ya mkunjo wa ukili huu, kisha ndani ya mkunjo unaoukabili wa ukili wa pili, ili uzi ujifiche katikati. Mkunjo kwa mkunjo, bila kuruka. Ukiruka mmoja, upande mmoja unabaki mrefu kwa milimita 7, ukiruka mitano kitandiko kinajikunyata na hakuna pasi itakayokinyoosha. Weka alama ya uzi kila mikunjo kumi kwenye kila kipande, kisha alama zikutane.

Uzi wa pamba unatosha kwa kujifunzia. Nailoni nyembamba tunaikataa, kwani inakata jani kwenye mkunjo baada ya miezi ya kukunjwa na kukunjuliwa. Wanaoshona mikeka ya kuuza hupendelea kamba iliyosokotwa kwa jani lenyewe, nayo inahitaji somo lake. Usikaze sana. Vipande viwili vikifunguliwa vilale bapa, visisimame kama paa la nyumba.

Kila mshono hula milimita chache za upana, kwa hiyo vipande vinane vya sentimita 4.5 huishia karibu sentimita 32. Punguza ncha ili urefu ubaki sentimita 45 na ziada ya 2 kila upande, kunja ziada hiyo nyuma, shona juu yake kitambaa cha pamba chenye upana wa sentimita 4 kilichokunjwa katikati. Kitambaa kilowekwe na kukaushwa kwanza. Kisipofanyiwa hivyo, kikifuliwa kinarudi na kuvuta kingo zote.

Mwisho geuza kitandiko, kata mikia kwa mkasi karibu na mwili, ukiacha milimita 2. Kipitishie kitambaa chenye unyevu, kiweke chini ya ubao bapa wenye mzigo usiku mmoja. Asubuhi kiinue mbele ya dirisha: mwanga ukipenya kwenye mshono, rudia mshono huo, ukipenya ndani ya ukili wenyewe, angalia ni kipande cha wiki gani, maana mara nyingi huwa ni kile cha siku uliyolowesha kupita kiasi.